Mkate Nyuma ya Mashine ya Maji

Neema, andika kama nnavyosema, usinitilie maneno ya barua. Nikisema nlikunywa chai, usiandike "nilipata kiburudisho". Nakujua weye.

Haya. Maneno haya ni yenu nyie mnaoshika dekio baada yangu pale kliniki ya meno Wattaya, hapa Maskati, juu ya duka la magari. Mwezi uliopita nimestaafu. Wamenipa keki na saa ya ukutani, mie niliyeamka miaka yote kabla ya kila saa. Kupandishwa cheo sikupandishwa, maana ukiwa farrashi, yaani mtu wa chai na usafi, juu yako hapana kitu ila feni. Kwa hivyo hilo tumelimaliza, tuendelee.

Skuli sikwenda. Herufi nazijua kama nnavyowajua paka wa kwetu Sidab, kwa sura tu, majina yao wanayo wenyewe. Nlichopewa mie ni masikio na mdomo. Mtu akisema nami mara mbili, mara ya tatu sauti yake nnayo. Sauti ya Khalfan meneja nnayo. Sauti ya Neema wa mapokezi, huyu anayeniandikia, nnayo, nikiitoa mama yake mwenyewe kule Tanga atajibu "abee mwanangu". Na sauti ya bibi mmoja wa Ukraine nnayo vilevile, na huyo ndiye nnayetaka kukupeni habari zake. Lakini kwanza siku ya kwanza, maana siku ya kwanza ndiyo nliyopoteza jino.

Alonifunza kazi ni Bi Moza. Kazaliwa Wete, kakulia Matrah, na akisema utadhani ana pini mdomoni, na kushona hajui. Kanipa dekio na ndoo, kaniambia, "Anza pembe ya mwisho, rudi nyuma uje mlangoni." Mie mjuaji, nikaanzia mlangoni. Nikadeki, nikadeki, nikajikuta nimesimama pembeni kwenye chumba cha daktari, sakafu yote maji, mlango uko kule. Nikaona nisikanyage, nikakaa kwenye kile kiti kirefu nikingoja pakauke. Kaja daktari wa wakati huo, mzee asiyeona vizuri na asiyeuliza vizuri, kawasha taa, kasema "iftahi", nikafungua mdomo kwa adabu tu. Bi Moza alipokuja kunitafuta jino lishatoka. Kanitazama, kasema, "Nimekwambia anza pembe ya mwisho." Jino lenyewe lilikuwa bovu, sikatai. Lakini nyie anzeni pembe ya mwisho.

La pili alonifunza ni kahawa. Dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, usimjazie mgeni kama unamfukuza, na usiondoke mpaka aitikise ile finjani, ndiyo kusema katosheka. Mgonjwa aliyepigwa sindano ya ganzi asipewe kahawa. Nlimpa mmoja, ikamwagikia kanzu yake yote naye hana habari, ananishukuru.

La tatu ni mkate, na hili lisikilizeni, maana kisa chote kimesimama hapo. Sisi kwetu mkate hautiwi kwenye taka. Hilo mnalijua wengine, wengine mmekuja mnatupa tu. Kipande kikianguka unakiokota, unakibusu, unakigusisha kwenye paji la uso, kisha kina mahala pake. Bi Moza alipiga msumari juu ya sinki ya jikoni, katundika mfuko wa kitambaa. Kila tonge, kila ukoko wa boflo uliobakia kwenye sahani za madaktari, humo. Alkhamisi mie naupeleka Sidab kwa mbuzi wa jirani. Ukitupa mkate mbele ya Bi Moza hakugombezi. Anakutazama tu, mpaka mkono wako wenyewe unarudi kwenye pipa kuutoa.

Bi Moza kafariki, Mungu amrehemu. Mfuko nikaurithi mie.

Madaktari wamepita wengi pale, sauti zao zote nnazo, lakini nitakutajieni mmoja, Daktari Halina. Mwanamke mrefu, akiinama juu ya mgonjwa unaona kama nguzo ya taa imepinda. Kwao Ukraine. Kila akigusa jino huuliza kwa lugha yao, "Bolit?" yaani panauma? Kiarabu anajua, lakini lile hulisahau kuligeuza. Sasa wagonjwa wameshazoea, mzee wa Kinizwa na kilemba chake anajibu, "Bolit, doktora, bolit wajid," yaani panauma sana. Wattaya nzima wanajua Kiukraine neno moja.

Kiswahili nlimfunza mie. Nlimfunza kuagiza chai "nyeusi kama roho ya Khalfan", akaisema siku moja mbele ya Khalfan mwenyewe, kwa tabasamu, akijua ndiyo adabu. Khalfan kanitazama mie moja kwa moja. Hakuuliza nani kamfunza.

Huyu Halina alikuwa na jambo lake. Kila adhuhuri akija jikoni kunywa chai anakuja na bahasha, karatasi zenye mihuri, anazipanga mezani baina ya sukari na maziwa, anazitazama, anazirudisha. Nikamuuliza, kuna kesi? Akaniambia, ndiyo, ya babu yangu.

Nakupeni kama alivyonipa, kwa Kiarabu chake cha kliniki na changu cha jikoni. Baada ya vile vita vikubwa vya wazungu vya zamani, huko kwao paliingia njaa. Nafaka ilikuwapo, lakini wakubwa waliokuwa wakiwatawala kutoka Moscow wanaichukua, wenye kulima wanabaki wanachemsha majani. Babu yake alichukua gunia moja la nafaka katika shamba lililokuwa la baba yake kabla halijachukuliwa, akalifukia chini ya jiko awalishe wanawe. Wakaja, wakalifukua, wakamchukua na gunia lake. Hakurudi. Ikaja karatasi, imeandikwa moyo wake umesimama, basi. Na kwenye majalada kaandikwa mwizi. Mamake Halina alikuwa na miaka sita, na tokea siku ile skuli, kazini, kote, ni binti wa mwizi.

Sasa huko kwao kuna kamati inayofukua mambo hayo ya zamani, wanatazama nani kadhulumiwa, wanamwandikia karatasi ya haki. Lakini jalada la babu limebaki nusu, nusu halionekani. Wanataka mtu hai aliyeona kwa macho. Na aliyebaki ni mmoja tu, mamake, yuko huko kwao.

"Naye anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema hakumbuki. Anasema alikuwa mdogo. Nikenda likizo nikiwasha simu nimrekodi anaanza kukunja nguo." Akazichukua karatasi zake. "Ana miaka themanini, Mama Shinuna. Akifa na mdomo umefungwa, babu yangu atabaki mwizi milele."

Nikamtilia chai nyengine. Hata kwetu sisi tuliotoka Unguja kuna mambo wazee wakiyafikia katikati ya mazungumzo, mmoja huinuka kwenda kuzima jiko, na jiko lishazimwa zamani.

Vita vilipowaka tena kwao, hivi vya sasa, Halina akamtoa mamake akamleta Maskati. Nyumbani peke yake hakai, kila ndege ikipita anaingia chini ya meza. Basi akawa anakuja naye kazini, anamkalisha jikoni kwangu mpaka jioni. Bibi Olha. Mfupi, mnene, mtandio kaufunga kwa fundo chini ya kidevu. Neema alipomwona mara ya kwanza akaninong'oneza, "Bi Shinuna, huyu siyo mzungu bwana, huyu wa Pemba kapauka tu."

Lugha yangu hajui, yake sijui. Tukakaa. Mie naosha finjani, yeye anazifuta. Mie nna mtindo wangu, nikamwigizia Khalfan anavyopanda ngazi akipumua, akacheka mpaka akajishika tumbo. Akaniigizia mtu fulani wa kwao, mwenye tumbo na mkongojo, sijui ni nani, lakini wallahi nlimjua.

Ndipo wakaja sisimizi.

Kliniki yetu haijapata kuwa na sisimizi. Mara wakawa safu, wanatoka mapokezi wanakwenda kwenye chumba cha picha za meno, wana heshima, wanapita pembeni ya zulia. Khalfan akaniita. Nyie mnamjua Khalfan. Akigomba hugomba kwa Kiswahili, kwa pua, wageni wasifahamu, na mgeni akiingia hugeuka Kiarabu katikati ya neno. "Bi Shinuna, nimeona mdudu mmoja kwenye meza yangu, ahlan, ahlan, tafadhal ya akhi, mmoja na ukoo wake mzima. Wakaguzi wa afya wanakuja Jumatatu. Nataka nijue nani anayekula ovyo humu ndani."

Nikaanza upelelezi. Nikasogeza mashine ya fotokopi, nyuma yake kipande cha boflo kimefungwa kwenye karatasi ya kufutia, kimekunjwa kama zawadi. Nikafungua droo ya mapokezi, kipande. Mnalijua lile dude la plasta, meno makubwa ya kuwafundishia watoto kupiga mswaki? Nikalifungua taya nilipanguse, ndani vipande vitatu, limetafuna.

Wa kwanza kumshuku ni Neema. Neema, andika, usiruke. Nilikwenda nikamnusa mikono. Akasema, "Bibi jamani, mimi nakula chipsi, mkate nauficha wa nini?" Nikaona ana hoja. Wa pili nlimshuku Khalfan, maana mkewe alikuwa kamkataza vyakula vya wanga, na mtu aliyekatazwa wanga hana imani. Siku mbili namfuata Khalfan na kizoleo. Kila akigeuka nipo. Akaniuliza kama nina shida ya kifedha.

Siku ya tatu nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Nikamwona Bibi Olha anainuka. Katazama kulia, katazama kushoto, katoa kipande kwenye sahani ya mwanawe, kakifunga kwenye karatasi, katoka polepole mpaka kwenye yale meno ya plasta. Kalifungua taya, katia. Kisha kalipigapiga lile dude juu, kama unavyombembeleza mtoto, kasema chini chini, "Tato ne krav. To nashe bulo." Kakohoa kidogo. Akageuka, macho kwa macho na mie.

Mie naigiza nyuso za watu wote. Uso ule wa Bibi Olha nlivyouona pale sijauigiza, na sitauigiza.

Sasa nikafanya nini? Nikafanya ambalo yeyote wetu angefanya. Mkate haukai kwenye meno ya plasta, pana vumbi. Nikautoa, nikaupuliza, nikaubusu, nikaugusisha kwenye paji la uso, nikaupeleka jikoni kwenye mfuko wa Bi Moza. Bibi Olha yuko nyuma yangu. Nikaufungua ule mfuko, na ilikuwa Jumatano, umejaa, makoko ya wiki nzima. Akauchungulia. Akanitazama. Akauchungulia tena.

Mie nlikuwa namfikiria mbuzi. Yeye alikuwa kaona kitu chengine kabisa, kaona mwanamke mtu mzima anaficha mkate ukutani kama yeye. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka birika likachemka likazima.

Tokea siku ile tukawa kundi. Kumwambia hapana siwezi, lugha sina, na moyo nao sikuwa nao. Lakini sisimizi nao wapo, na Jumatatu inakuja. Nikatafuta mkebe wa biskuti wa bati, wenye kifuniko cha kubana, nikatafuta mahala pakavu asipopafika mtu ila farrashi. Nyuma ya mashine ya maji, kwenye ukumbi. Nikamwonyesha. Akapakagua kama anayekodi nyumba, akaridhika. Akawa kila akila ananiletea kipande chake, mie naisogeza mashine, yeye anakilaza kwenye mkebe, na kila mara anasema maneno yale yale, "Tato ne krav. To nashe bulo," na kikohozi chake. Mie nikadhani ni dua yao ya mkate.

Na sauti ikishaingia kwangu haikai kimya. Ijumaa sisi hatufungui, basi ilikuwa Jumamosi, nipo jikoni naosha dele, mdomo ukaanza wenyewe. "Tato ne krav," sauti ya Bibi Olha kabisa, ile ya chini, na mkwaruzo wake. "To nashe bulo." Nikakohoa na kikohozi.

Nyuma yangu kitu kikaanguka. Halina yupo mlangoni, kikombe kiko chini vipande viwili.

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Na kikohozi.

"Nani kakufunza?"

"Mama yako. Kila mara anasema, akiweka mkate. Si dua?"

Akavuta kiti akakaa. "Baba hakuiba," akasema. "Ilikuwa yetu. Ndivyo unavyosema, Mama Shinuna. Baba hakuiba, ilikuwa yetu." Akaanza kucheka, lakini machozi nayo yanatoka. "Miaka saba namwomba. Nimemletea watu wa kumhoji, nimemletea picha. Kumbe anamwambia mtu wa chai."

Nikamwambia, usinionee wivu, mie mwenyewe sikujua naambiwa. Nikamweleza habari za mkate, msumari, Bi Moza na mbuzi. Akafahamu kabla sijamaliza. Akasema mama yake kadhani mie nimeiona njaa ile. Nikamuuliza, nimwambie ukweli kuwa ni wa mbuzi? Akafikiri. Akasema ngoja kwanza.

Jumapili akajaribu. Akakaa na mamake jikoni, akamwambia kwa upole, mama, najua unayosema. Bibi Olha akachukua vitambaa vyangu vya vyombo, akavikunja vyote, na vilikuwa vishakunjwa. Halina akatoka. Aliponipita hakunitazama.

Ikafika Jumatatu, siku ya wakaguzi. Khalfan kaja na kanzu mpya na orodha mkononi, anatia alama. Mapokezi, sawa. Fotokopi, sawa. Mie nipo jikoni na Bibi Olha, kahawa ya wakaguzi iko motoni. Mara nikasikia ukumbini kitu kizito kinaburutwa kwenye vigae. Khalfan, ambaye tangu nimjue hajasogeza hata kiti chake mwenyewe, siku ile kaamua kusogeza mashine ya maji.

Nikatoka mbio, Bibi Olha nyuma yangu. Tunamkuta Khalfan kasimama, karatasi mkono mmoja, kipande cha mkate mkono mwengine, mkebe uko wazi miguuni pake. Na kifuniko, nasema ukweli, jana yake sikukibana sawasawa. Safu ya sisimizi imefika.

"Nani kaweka hiki hapa?" akauliza. Kwa pua. Kwa Kiswahili. Macho kwangu.

Bibi Olha Kiswahili hajui. Lakini alichokiona alikiona, mwanamme na karatasi yake, na mkate mkononi, anauliza. Akanisukuma pembeni kwa bega lake, na bega lile si la mchezo, akasimama baina yangu na Khalfan. Akainua kidole, akaanza.

Jamani. Mwanamke aliyekunja nguo miaka sabini na zaidi, akafunguka ndani ya ukumbi wa kliniki ya meno. Sauti haikupanda sana. Ilikuwa nzito tu, inakwenda mbele, haisimami. Khalfan akasema, "Hajja, hajja, tafadhali," akataka kuurudisha ule mkate kwenye mkebe. Bibi Olha akampiga kofi la mkono, pa. Kama kusema, kaa nao. Khalfan akabaki nao, mkono juu, kama anauza.

Halina akatoka chumbani kwake na glavu mkononi. Nyuma yake akatoka mgonjwa, mzee wa watu, mdomo wazi, pamba shavuni, kitambaa kifuani, naye kasimama kusikiliza. Neema kashatoa simu anarekodi, maana Neema hata paka akipiga chafya anarekodi aweke kwenye status yake. Na wakaguzi wakaingia, wawili, kijana na bibie mmoja, wakadhani ni mchezo wa kuigiza wa afya ya meno, wakavua viatu wakakaa.

Mie nlikuwa namtazama Halina. Akisikiliza alianza kuinama, polepole, akaishika meza ya mapokezi. Mwisho Bibi Olha akasema yale nnayoyajua. "Tato ne krav. To nashe bulo." Akakohoa. Akanishika mkono, akanirudisha jikoni, akakaa kwenye kiti chake, akaniashiria chai.

Ukumbini yule mzee wa pamba akasema, "Bolit."

Alichokisema bibi, Halina alinieleza jioni, tumekaa kwenye ngazi za nje magari mapya yanametameta chini yetu. Ile siku ya zamani walikuja watu, hawakulijua gunia liko wapi. Mmoja alikuwa na daftari. Akamwita yule mtoto wa miaka sita, akampa kipande cha mkate, akamuuliza, baba anaweka wapi? Mtoto alikuwa na njaa. Akaula ule mkate, akaonyesha kwa kidole.

Ndiyo maana hasemi. Si kwamba hakumbuki.

"Na leo," Halina akasema, "alipomwona Khalfan anakuuliza, kasema, ni wangu mimi, nimeuweka mimi, huyu mwanamke hajafanya kitu. Kasema, simwonyeshi mtu tena."

Nikataka kumwigizia Khalfan pale nimchekeshe kidogo. Sauti haikuja.

Wakaguzi waliandika usafi mzuri, kahawa nzuri, mashine ya maji isogezwe. Haikusogezwa.

Ile rekodi ya Neema ndiyo iliyokwenda kwenye kamati. Nyengine hatukuwa nayo, na Bibi Olha alikwishasema, kwake imetosha. Kwa hivyo huko kwao, kwenye majalada ya serikali, katikati ya ushahidi wa dhulma na njaa, yupo Khalfan wetu na kanzu mpya, dakika kumi na saba kashika mkate juu, na pembeni mzee mdomo wazi. Kamati wakaandika kuuliza, huyu bwana ni nani? Halina akawajibu, ni shahidi. Khalfan alipoambiwa alikwenda kunyoa ndevu, na picha ishapita.

Mfuko wa mbuzi nao Halina alikuja kumweleza mamake ukweli. Mie nlijificha chooni kwa aibu. Nlipotoka Bibi Olha kakaa, anacheka, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, ananiigizia mie navyoubusu mkate, kisha analia kama mbuzi. Ananiweza yule.

Barua ikaja kipindi cha joto, muhuri wa buluu. Tukakaa jikoni wote, Khalfan akaleta halua ya Barka. Halina akaisoma, kisha akatugeuzia. Imeandikwa jina la babu, na imeandikwa hakuwa mwizi, alidhulumiwa. Bibi Olha akataka isomwe mara ya pili. Akataka mara ya tatu. Kisha akaninyooshea mie. Mie nisojua kusoma hata jina langu mwenyewe. Nikaishika, mwanzo juu chini nadhani, nikaisoma yote kwa sauti ya Halina, neno kwa neno, vituo vyake na kuvuta kamasi kwake kwa kilio. Sikufahamu hata tone. Bibi Olha kafumba macho, anaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya pili barua haipo.

Kliniki ikapinduka. Halina uso umekuwa chokaa, anafungua makabati ya dawa. Neema kaingia chini ya meza, yuko humo analia na kusema "Mimi sijaigusa, naapa." Khalfan anajipekua mifuko ya kanzu. Bibi Olha yuko jikoni, anafuta finjani, ametulia kuliko maji ya mtungini.

Nikamtazama. Akanitazama. Nikachukua dekio, nikaenda ukumbini kama nadeki, kuanzia pembe ya mwisho. Nikaisogeza mashine ya maji. Mkebe upo, kifuniko kimebanwa vizuri, mara hii kabana mwenyewe. Ndani bahasha, na juu ya bahasha kipande cha boflo.

Nikaubusu ule mkate, nikaurudisha. Nikafunga. Nikaisukuma mashine mahala pake.

Nikamwambia Halina, ipo, iko pema. Akafahamu. Mchana Bibi Olha alipolala kitini tukaitoa mara moja tu, dakika mbili, tukaitia kwenye fotokopi, tukairudisha. Ile mnayoiona kwenye fremu mapokezi, karibu na bango la mswaki, ni nakala. Wagonjwa wanadhani ni cheti cha daktari.

Basi nyie mnaobaki. Dekio likamueni vizuri. Dele lisichemke mara mbili. Bibi Olha bado yupo jikoni, chai yake bila sukari, na akikuigizeni msikasirike, ni kwamba kakupendeni. Mkikuta mashine ya maji imekaa vibaya, isogezeni, mpanguse, mfungue mkebe. Mkate ubadilisheni kila Alkhamisi, wa zamani utieni mfukoni, mbuzi wa Sidab wananijua na wananiuliza. Kifuniko kibaneni. Na Khalfan akija na karatasi yake akauliza nani kaweka, msionyeshe kwa kidole.